Potter Palmer: Muuza vitambaa aliyeacha duka na kuhamisha kitovu cha Chicago

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa mwaka 1865, Potter Palmer, mmoja wa wafanyabiashara wa rejareja waliofanikiwa zaidi katika jiji la Chicago nchini Marekani, alifanya uamuzi ambao wenye maduka wachache huthubutu kuufanya. Alikuwa na umri wa miaka 38, duka lake la vitambaa lilikuwa likifurika wateja, na faida ya miaka ya vita ilikuwa imemfanya tajiri mkubwa. Hata hivyo, aliamua kuliachia duka hilo mikononi mwa vijana wawili na kwenda kupumzika.

Aliporejea katika biashara hakurudi nyuma ya kaunta. Aliingia katika ununuzi wa viwanja, ujenzi na upangishaji wa majengo, kazi ambayo hakuwa ameisomea wala kuirithi kwa wazazi. Katika muda wa miaka michache alikuwa amehamisha kitovu cha biashara cha jiji zima kutoka barabara moja kwenda nyingine. Kisha, Oktoba 1871, moto uliteketeza karibu kila alichokijenga na kumlazimu kuanza upya kwa fedha za mkopo.

Wapo wengi waliotoka madukani na kuingia katika uuzaji wa nyumba na viwanja, na wengi wao huamini kwamba wanaacha ujuzi wao wa zamani mlangoni. Maisha ya Palmer yanaonyesha kinyume chake. Kila hatua kubwa aliyoipiga katika biashara ya ardhi aliipiga kwa kutumia jambo alilolijua kutokana na duka, yaani mteja anapenda kupita wapi, kusimama wapi na kurudi wapi.

Kutoka kijijini hadi nyuma ya kaunta

Palmer alizaliwa Mei 20, 1826, katika kijiji cha Potter Hollow, Kaunti ya Albany, jimbo la New York. Familia yake ilikuwa ya wakulima wenye asili ya madhehebu ya Quaker, watu waliosifika kwa maisha ya kiasi na uaminifu katika mapatano. Hakupata elimu ya juu. Shule yake kubwa ilikuwa duka la bidhaa mchanganyiko katika mji mdogo wa Durham, katika jimbo hilo hilo, ambako aliajiriwa kama karani alipokuwa kijana wa miaka 18 hivi.

Katika duka kama hilo karani alifanya kila kitu. Alipima sukari na unga, alikata vitambaa, aliandika madeni daftarini na kufagia sakafu jioni. Palmer alijifunza haraka, na baada ya miaka michache mwenye duka alimkabidhi usimamizi wa shughuli zote. Alikuwa bado hajatimiza umri wa miaka 25.

Baadaye alifungua duka lake mwenyewe katika mji wa Oneida, na kutoka hapo akahamia Lockport, miji yote miwili ikiwa katika jimbo la New York. Biashara ilikwenda vizuri, lakini ilikuwa biashara ya mji mdogo: wateja ni wale wale, na mahitaji yao yakishatimizwa hakuna wengine wa kuwauzia. Kwa hiyo aligeuza macho magharibi, kwenye mji uliokuwa ukizungumzwa sana na wasafiri.

Mji wa matope na reli

Chicago ya mwaka 1852, alipofika Palmer, haikuwa mji wa kumvutia mtu mwenye kupenda starehe. Ulikuwa umejengwa kwenye ardhi tambarare na yenye maji, kando ya Ziwa Michigan, na mvua iliponyesha mitaa iligeuka kuwa tope zito. Miaka michache baadaye wakazi walilazimika kuinua usawa wa mitaa na majengo ili kupata nafasi ya kupitisha mifereji ya maji taka.

Pamoja na hayo, mji huo ulikuwa na jambo moja ambalo Lockport haikuwa nalo. Mwaka huo huo wa 1852 njia za reli kutoka mashariki zilifika Chicago, na nafaka, mbao na mifugo kutoka mashamba ya magharibi vilikuwa vinapita hapo kwenda kwenye masoko makubwa. Mwaka 1850 mji ulikuwa na watu wapatao 30,000. Kufikia mwaka 1860 walikuwa zaidi ya 112,000, na mwaka 1870 walikaribia 300,000.

Palmer alifungua duka lake katika barabara ya Lake Street, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa barabara kuu ya biashara. Aliuza vitambaa, nguo, mashuka, mazulia na vifaa vya kushonea. Maduka ya aina hiyo yalikuwapo mengi. Yeye alijitofautisha kwa kumchagua mteja ambaye wenzake hawakumjali sana, naye ni mwanamke.

Katika maduka mengi ya wakati huo ununuzi ulikuwa ni mabishano. Bei ilitegemea sura ya mteja na uwezo wake wa kuvutana, na kitu kikishauzwa hakirudi. Palmer aliwaruhusu wateja wachukue bidhaa nyumbani wakazitazame kwa utulivu, na asiyeridhika alirudisha na kubadilishiwa au kurejeshewa fedha zake bila kuulizwa maswali. Vitambaa bora vilipangwa kwenye madirisha makubwa ya vioo ili mpita njia avione kabla hajaingia. Wauzaji walitakiwa kuwa na adabu kwa mwenye fedha nyingi na kwa mwenye kidogo.

Washindani wake walidhani utaratibu huo ungemfilisi. Kilichotokea ni kwamba mwanamke aliyejua kwamba anaweza kurudisha kitu alinunua bila hofu, na aliyenunua bila hofu alirudi tena. Utaratibu huo ulikuja kuigwa na maduka makubwa katika miji mingine ya Marekani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, pamba kutoka majimbo ya kusini iliadimika na bei ya vitambaa ikapanda. Palmer alikuwa ameweka akiba kubwa ya bidhaa ghalani, na faida aliyoipata katika miaka hiyo ilimpandisha kutoka kuwa mwenye duka hodari hadi kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa jiji.

Afya yamlazimisha kung'atuka

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Kwa miaka zaidi ya kumi Palmer alikuwa akifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, akisimamia manunuzi, wafanyakazi na hesabu. Afya yake ilidhoofika, na daktari alimshauri aache kazi hiyo kama anataka kuendelea kuishi.

Alitafuta watu wa kuwaachia duka. Aliwachagua Marshall Field na Levi Leiter, vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni nyingine ya vitambaa jijini humo. Field alikuwa fundi wa kuuza, Leiter alikuwa bingwa wa hesabu. Hawakuwa na mtaji wa kutosha kununua biashara yote, hivyo Palmer alibakiza sehemu kubwa ya fedha zake ndani ya duka na kuwapa muda. Januari 1865 kampuni mpya ya Field, Palmer na Leiter ilianza kazi. Mwaka 1867 Palmer aliondoa jina lake na sehemu yake, na duka likawa la Field na Leiter.

Duka hilo ndilo baadaye lilikuja kuwa Marshall Field, miongoni mwa maduka maarufu zaidi nchini Marekani, lililodumu kwa jina hilo hadi mwaka 2006. Kwa mtazamo wa juu juu inaweza kuonekana kwamba Palmer aliachia dhahabu. Lakini yeye hakuachana na duka hilo moja kwa moja. Alikuwa anakwenda kulitafutia mahali pa kukaa, na hapo ndipo maisha yake ya pili yalipoanzia.

Anunua barabara

Alisafiri hadi Ulaya kupumzika, akatembea katika miji yenye barabara pana na maduka yaliyopangwa vizuri, kisha akarejea Chicago na kuitazama upya Lake Street. Alikuwa amefanya biashara pale kwa zaidi ya miaka kumi na aliyajua maradhi yake yote. Barabara hiyo ilipita sambamba na Mto Chicago, ambao ulikuwa mchafu na wenye kunuka. Mto huo uliizuia kupanuka upande mmoja, na mikokoteni ya mizigo iliizonga kila siku. Mwanamke aliyevaa gauni la hariri hakuweza kutembea hapo kwa raha.

Iliyokatiza Lake Street kuelekea kusini ilikuwa State Street. Ilikuwa nyembamba, yenye vibanda vya mbao, vilabu vya pombe na nyumba za kupanga za watu wa kipato cha chini. Wenye fedha hawakuitilia maanani. Lakini mwaka 1859 tramu za kukokotwa na farasi zilikuwa zimeanza kupita katika barabara hiyo, zikiwaleta mjini wakazi wa kusini mwa jiji, na tramu hizo zilikuwa zikiongezeka. Palmer aliona kwamba abiria wale ndio wateja wake wa zamani.

Alianza kununua viwanja kimya kimya, kimoja baada ya kingine, hadi akawa na viwanja vilivyotazama State Street kwa urefu wa zaidi ya kilomita moja. Kisha akafanya jambo ambalo mnunuzi wa kawaida wa ardhi asingelifanya: alikubali kupoteza sehemu ya ardhi aliyoinunua. Aliwashawishi viongozi wa jiji waruhusu barabara ipanuliwe, na yeye mwenyewe akarudisha nyuma mstari wa majengo yake ili kutoa nafasi. Baadhi ya wenye viwanja jirani walikataa kumfuata, na kwa muda barabara ilibaki na majengo yaliyojitokeza na mengine yaliyorudi nyuma, kama meno yasiyolingana.

Hesabu yake ilikuwa ya mwenye duka. Kipande cha ardhi alichokitoa kwa barabara kilikuwa hasara, kama vile gauni lililorudishwa na mteja lilivyokuwa hasara. Lakini barabara pana ingeleta magari ya farasi, magari yangeleta wanunuzi, na wanunuzi wangepandisha kodi ya pango ya kila mlango uliobaki.

Alihitaji mpangaji wa kwanza ambaye wengine wangemfuata. Kwenye kona ya State Street na Washington Street alijenga jengo la fahari lenye uso wa marumaru nyeupe, na akawapangisha Field na Leiter kwa dola 50,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa mno kwa wakati ule. Walihamia humo Oktoba 1868. Siku ya ufunguzi foleni ya magari ya farasi ilijaa mbele ya mlango. Wafanyabiashara wengine walipoona wateja wa Lake Street wamehama, nao walianza kuuliza bei ya vyumba vya maduka State Street, na mtu wa kumuuliza alikuwa Palmer.

Ni kweli pia kwamba mabadiliko hayo hayakumnufaisha kila mtu. Waliokuwa wakiishi katika vibanda na vyumba vya bei rahisi vya State Street hawakuwa na nafasi katika barabara mpya ya marumaru. Kumbukumbu nyingi za jiji zimehifadhi majina ya waliojenga, na ya waliohama si mengi.

Harusi na hoteli

Palmer alikuwa bado hajaoa. Kwa miaka kadhaa alikuwa akifahamiana na Henry Honoré, mfanyabiashara wa viwanja aliyetoka jimbo la Kentucky, na alimfahamu binti yake, Bertha, tangu akiwa mdogo. Walifunga ndoa mwaka 1870, Palmer akiwa na miaka 44 na Bertha miaka 21. Wengi waliitazama tofauti hiyo ya umri kwa mashaka, lakini Bertha alikuwa msomi, mwenye akili ya biashara na uthubutu, na historia ingethibitisha kwamba Palmer alipata mshirika.

Zawadi ya harusi ilikuwa hoteli. Palmer House ilijengwa State Street na kufunguliwa Septemba 26, 1871. Kwa hoteli hiyo, duka la marumaru na majengo mengine zaidi ya 30 aliyokuwa nayo, Palmer alikuwa amekamilisha mpango wake. Ilimchukua miaka isiyozidi saba tangu alipokabidhi funguo za duka.

Siku 13 baadaye

Usiku wa Oktoba 8, 1871, moto ulianza katika banda moja kusini-magharibi mwa jiji. Kiangazi kilikuwa kikavu kupita kawaida, upepo ulikuwa mkali, na sehemu kubwa ya Chicago ilikuwa imejengwa kwa mbao, hata baadhi ya njia za waenda kwa miguu. Moto uliruka mto, ukaingia katikati ya jiji na kuendelea kuwaka hadi Oktoba 10. Watu wapatao 300 walipoteza maisha, takriban 100,000 walibaki bila makazi, na majengo zaidi ya 17,000 yaliteketea.

Palmer hakuwapo. Alikuwa amesafiri kwenda jimbo la New York kwa mazishi ya dada yake, na habari zilimfikia huko. Hoteli iliyokuwa imefunguliwa siku 13 tu ilikuwa majivu. Duka la marumaru lilikuwa majivu. Nyumba za kupangisha ambazo kodi yake ndiyo ilikuwa kipato chake zilikuwa zimetoweka, na wapangaji wengi hawakuwa na bidhaa wala fedha za kulipa. Kampuni nyingi za bima nazo zilifilisika kwa sababu hazikuwa na uwezo wa kulipa madai mengi kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ulipoonekana ugumu wa kazi aliyoichagua. Mwenye duka aliyeunguliwa anaweza kukodi ghala, kuagiza shehena kwa mkopo na kuuza baada ya wiki chache. Field na Leiter walifanya hivyo hivyo, wakafungua duka la muda katika banda la farasi wa tramu. Mwenye majengo hana njia hiyo ya mkato. Alichobakiwa nacho ni ardhi yenye kifusi, katika mji ambao watu wengi walidhani hautainuka tena.

Palmer alikuwa na umri wa miaka 45, na alikuwa na sababu zote za kuuza viwanja kwa bei ya kutupa na kuishi kwa kilichobaki. Inasimuliwa kwamba aliwahi kulifikiria hilo, na kwamba ni Bertha aliyemsisitizia kuwa kila mwenye uwezo alipaswa kubaki na kuujenga mji.

Mkopo wa dola milioni 1.7

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Palmer aliamua kujenga, na alihitaji fedha ambazo hakuna benki ya Chicago iliyoweza kuzitoa wakati huo. Kwanza aliuza kimoja cha viwanja vyake bora, ile kona ya State Street na Washington Street iliyokuwa na duka la marumaru, kwa kampuni ya cherehani ya Singer. Haukuwa uamuzi mwepesi, kwani kona hiyo ndiyo iliyokuwa imezaa utajiri wake wa ardhi. Aliitoa ili kuokoa vilivyobaki.

Kisha alikopa dola milioni 1.7 kutoka kampuni ya bima ya Connecticut Mutual. Mkopo huo unatajwa kuwa mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kutolewa kwa mtu mmoja binafsi nchini Marekani hadi wakati huo. Dhamana kubwa ilikuwa jina lake, lililojengwa kwa miaka ishirini ya kurejesha fedha za wateja bila ubishi na kulipa madeni kwa wakati.

Palmer House ya pili ilijengwa kwa matofali na chuma, kwa michoro ya msanifu John Van Osdel. Mafundi walifanya kazi mchana na usiku, taa kali zikiangaza eneo la ujenzi baada ya jua kuzama. Ilifunguliwa mwaka 1873 na kukamilika mwaka 1875. Palmer aliitangaza kuwa ni hoteli isiyoungua, na kwa watu walioshuhudia moto wa 1871 hakuna tangazo lililokuwa na mvuto zaidi. Inasimuliwa kwamba alimwalika mgeni yeyote mwenye shaka awashe moto chumbani mwake: ukishindwa kuenea nje ya chumba hicho kwa saa moja, mgeni alipie uharibifu, na ukienea asidaiwe kitu.

Ilikuwa mbinu ile ile ya Lake Street. Zamani alimwondolea mwanamke hofu ya kununua kitambaa asichokipenda. Sasa alimwondolea msafiri hofu ya kuungua usingizini.

Wasafiri waliizungumzia hoteli hiyo kwa miaka mingi, hasa chumba cha kinyozi ambacho sakafu yake ilipambwa kwa sarafu za fedha za dola moja. Wapo walioiona kuwa ni majivuno ya tajiri mpya. Lakini waliosema hivyo nao walikwenda kuitazama sakafu hiyo. Mdororo wa uchumi ulioikumba Marekani kuanzia mwaka 1873 uliwaangusha wengi waliokopa kujenga baada ya moto. Palmer alisalimika, na State Street iliyojengwa upya ikawa kweli barabara kuu ya maduka ya Chicago.

Kinamasi chageuka makazi ya matajiri

Mwaka 1882 alifanya jaribio lake la mwisho kubwa. Wakati huo matajiri wa Chicago waliishi kusini mwa jiji, katika barabara ya Prairie Avenue, na hakuna aliyefikiria kuhamia kaskazini. Palmer alinunua eneo la kinamasi na matuta ya mchanga kando ya ziwa, upande wa kaskazini, mahali ambapo vyura walikuwa wengi kuliko watu. Alilijaza kwa mchanga uliochotwa ziwani, na njia mpya ya magari ya farasi, Lake Shore Drive, ikapita mbele yake.

Alijua kwamba maelezo peke yake hayauzi kinamasi. Kama alivyopanga vitambaa bora dirishani ili wapita njia wavione, aliweka nyumba yake mwenyewe mbele ya eneo hilo. Wasanifu Henry Ives Cobb na Charles Frost walimjengea kasri la mawe lenye minara, lililokamilika mwaka 1885. Inasemekana makadirio ya awali yalikuwa dola 90,000 na kwamba gharama hatimaye ilipita dola milioni 1. Milango ya nje haikuwa na vitasa kwa upande wa nje, kwa kuwa kila aliyeingia alifunguliwa na mtumishi.

Matokeo yalikuwa kama yale ya State Street. Familia zenye uwezo zilianza kuhama kutoka Prairie Avenue, na walipotafuta viwanja jirani na kasri walikuta vingi ni vya Palmer. Bei ya ardhi hiyo ilipanda mara kadhaa katika muda wa miaka kumi. Palmer hakumuuzia kila aliyekuja na fedha. Alichagua majirani kwa uangalifu, jambo lililolifanya eneo hilo kutamaniwa zaidi na pia kuwafungia mlango wengi.

Ndani ya kasri hilo Bertha alikusanya michoro ya wasanii wa Ufaransa kama Claude Monet na Auguste Renoir, wakati ambapo wengi nchini Marekani walikuwa bado hawaijui thamani yake. Mwaka 1893, Chicago ilipoandaa maonyesho makubwa ya dunia, Bertha aliongoza bodi ya wanawake ya maonyesho hayo, nayo Palmer House ilipokea wageni kutoka kila pembe. Jikoni mwa hoteli hiyo, kwa mujibu wa masimulizi ya hoteli yenyewe, ndimo zilimooka keki ndogo za chokoleti alizoziomba Bertha kwa ajili ya wanawake wa maonyesho, ambazo zinatajwa kuwa asili ya keki za brauni.

Mwisho wa safari

Potter Palmer alifariki dunia Mei 4, 1902, akiwa na umri wa miaka 75, na kuzikwa katika makaburi ya Graceland, Chicago. Aliacha wana wawili na mali iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 8, ambayo aliikabidhi kwa mkewe. Inasimuliwa kwamba mwanasheria wake alipomkumbusha kuwa mjane anaweza kuolewa tena, alijibu kwa utani kwamba mume huyo wa pili atazihitaji fedha hizo.

Bertha hakuolewa tena. Kuanzia mwaka 1910 alinunua maelfu ya ekari za ardhi katika eneo la Sarasota, jimbo la Florida, wakati ambapo eneo hilo lilikuwa pori na malisho, akaliendeleza kwa ufugaji, mashamba na viwanja vya kuuza. Alipofariki mwaka 1918 alikuwa ameikuza mali aliyoachiwa kwa zaidi ya mara mbili. Sehemu kubwa ya michoro yake ilikwenda katika Jumba la Sanaa la Chicago.

Kasri la Lake Shore Drive lilibomolewa mwaka 1950 kupisha majengo ya ghorofa, na Palmer House ya mwaka 1873 ilibomolewa katika miaka ya 1920 ili ijengwe nyingine kubwa zaidi kwa jina hilo hilo. Hata hivyo, State Street ilibaki kuwa barabara ya maduka kwa zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, na ufukwe wa kaskazini uliokuwa makazi ya vyura ukaitwa Gold Coast, yaani Pwani ya Dhahabu.

Kwa anayefikiria kuacha duka na kuingia katika biashara ya majengo, maisha ya Palmer hayatoi ahadi nyepesi. Aliingia akiwa na mtaji mkubwa, na hata hivyo moto wa siku mbili ulikaribia kumwangusha. Kilichomwezesha kuinuka ni jina jema alilolitengeneza nyuma ya kaunta, pamoja na mazoea ya mwenye duka ya kumtazama kwanza mteja kabla ya kutazama bidhaa. Viwanja alivinunua baada ya kujua ni nani atakayepita mbele yake.